Antivirusi ya uongo: tuitoe kwa kompyuta ya nyumbani bila kumulipa mwizi

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa muji



Leo tunaongea juu ya kompyuta ya nyumbani. Kwetu, nyumba nyingi ziko na mashini moja tu, na ile moja njo inafanya kazi ya watu wote. Mtoto anaandikia TFC yake pale. Mama anawekea hesabu ya duka. Baba anachunga picha za ndoa na karatasi za kiwanja. Na sisi tuliomaliza chuo kikuu na tungali tunatafuta kazi, CV zetu na barua zetu zote ziko mule ndani. Ile mashini ikiharibika, jamaa muzima inakwama.

Na juu tulisoma, watu wanatuita. Hata kama ulisoma sheria ao kilimo, ukiwa na diploma jirani anasema: "Wewe unajua mashini, kuja utuangalilie." Tunafika, tunakuta dirisha jekundu kwa ekrani, linapiga kelele: "Kompyuta yako iko na virusi 38! Lipa sasa ama utapoteza vyote!" Mama ameshika kichwa. Mutoto aliyefinya kitu amekaa kwa kona, hasemi neno. Na baba ameisha kumuandikia shemeji wa Canada kwa WhatsApp: tutumie kadi yako tulipe.

Pale njo tunaomba mutusikilize vizuri. Ile dirisha ni ya mwizi. Hakuna virusi 38. Virusi ni ile programu yenyewe inayopiga kelele.

Huu wizi si wa jana. Mwaka 2008, mwezi wa 12, Tume ya Biashara ya Marekani, ile wanaita FTC, ilishitaki kampuni moja jina lake Innovative Marketing, iliyoandikishwa Belize na kuwa na ofisi Kyiv, Ukraine. Ilikuwa inauzisha programu zenye majina mazuri kama WinFixer, ErrorSafe na XP Antivirus. Mutu anatembea kwa intaneti, ghafla tangazo linasema linapima mashini yake. Na kila mara kile kipimo kilikuta ugonjwa, hata kwa mashini nzima kabisa. FTC ilisema watu zaidi ya milioni 1 walidanganywa wakanunua. Mwaka 2010 mashitaka mengine ya wizi wa namna hii yalifunguliwa Chicago: watu wa inchi zaidi ya 60, dola zaidi ya milioni 100. Na bei ya kila mutu ilikuwa kati ya dola 30 na dola 70 hivi.

Angalieni ile bei vizuri. Iko kidogo ya kutosha ili mutu mwenye woga aseme "tulipe tu, yaishe". Mwizi hakuwa na lazima ya kuvunja mashini ya mutu. Alimutisha mwenye mashini, na mwenye mashini akafungua mulango yeye mwenyewe. Juu ya ile, kusafisha kunaanza na mutu, kisha mashini. Mukifika kwa nyumba, neno la kwanza liwe hili: "Mama, hauna makosa. Mutoto, kuja hapa, haupigwe. Tuambie tu uliona nini na ulifinya wapi." Mutoto akiogopa fimbo, ataficha. Akificha, mutatumia siku nzima kutafuta kitu chenye angewaambia kwa dakika moja.

Sasa tuingie kwa kazi.

Kwanza, mujue kama ni ukurasa tu ama ni programu iliyoisha kuingia. Mara nyingi ni ukurasa wa intaneti umejaza ekrani, wenye sauti na namba ya simu ya kuita. Musifinye kitu chochote ndani yake, hata ule musalaba wa kufunga, juu unaweza kuwa ni picha iliyochorwa. Finyeni Ctrl, Shift na Esc pamoja. Itafunguka orodha ya programu zinazotembea. Chagueni ile ya kuingilia intaneti, iwe Chrome, Edge ao Firefox, muizimishe pale. Mukiifungua tena na ikiuliza kama irudishe kurasa za mbele, mukatae. Kama kelele imeisha, mashini yenu ni nzima.

Kama tangazo linarudi kwa kona ya ekrani kila saa, hata mukiwa munaandika barua tu, kuna saiti mulipatia ruhusa ya kutuma matangazo bila kujua. Muende kwa paramètres za Chrome ao Edge, fasi ya notifications, muondoe kila jina musilolijua. Kazi ya dakika tano, na haiombi franka hata moja.

Pili, kama ni programu yenyewe iliingia, mutaiona. Inafunguka na mashini, inazuia programu zingine, na kila mukifungua kitu inasema kile kitu kiko na virusi. Hapo mukate intaneti: muzime Wi-Fi, mutoe modem. Muandike jina lake kwa karatasi. Na mujaze batri, juu moto ukikatika katikati ya kazi mutaanza upya.

Tatu, muwashe mashini kwa hali ya salama, ile Windows ya Kifaransa inaita "Mode sans échec". Kwa hali ile, Windows inawasha vitu vya lazima tu, na mara nyingi yule mwizi anabaki amelala. Kwa Windows 10 na 11, mushike Shift (kwa klavye ya Kifaransa imeandikwa Maj) na mufinye "Redémarrer". Ikifungua ekrani ya buluu, mufuate "Dépannage", "Options avancées", "Paramètres", kisha "Redémarrer". Orodha ikitoka, 4 ni hali ya salama, 5 ni hali ya salama yenye intaneti. Kwa Windows 7, ya mashini za zamani, mufinye F8 mara kwa mara mbele alama ya Windows itokee.

Ine, mukiwa mule, muangalie orodha ya programu zilizowekwa. Ile yenye jina muliloandika kwa karatasi, ama yoyote iliyoingia siku ile shida ilianza na hakuna mutu wa nyumba anaijua, muitoe. Halafu mupime mashini na chombo cha kweli. Muende kwa mashini ya rafiki iliyo nzima, mushushe Microsoft Safety Scanner kwa saiti ya Microsoft yenyewe, ao Malwarebytes ya bure kwa saiti yake, mubebe kwa flashi. Ile ya Microsoft inafanya kazi siku 10 tu tangu muishushe, kisha mushushe mupya, kwa hiyo ile kopi ya mwaka jana kwa flashi ya rafiki haina kazi tena.

Tano, murudie hali ya kawaida na mutumie ile mulinzi iliyo ndani ya Windows 10 na 11, Microsoft Defender. Iko pale, hailipiwi. Mufungue "Sécurité Windows", muchague kipimo kinachoitwa "hors ligne". Mashini itajizima, itawaka, itapima yenyewe mbele Windows ianze. Inachukua kama dakika 15. Pale mwizi hana fasi ya kujificha nyuma ya Windows.

Sita, intaneti ikikataa kisha kusafisha, musiseme mashini imekufa. Zile programu ziko na zoezi la kugeuza njia ya intaneti. Muangalie kwa "Réseau et Internet", fasi imeandikwa "Proxy". Kama imewashwa na hakuna mutu wa nyumba aliiwasha, muizime.

Saba, mubadilishe maneno ya siri, na mufanye ile kwa simu ao mashini nzima. Muanze na ya emaili, juu mwenye kushika emaili yako anashika na Facebook yako na vingine vyote. Na kama mutu alilipa na kadi, benki iitwe leo, kadi ifungwe. Kama kisha siku chache mutu anaita anasema "tunataka kukurudishia feza yako, tupatie namba", yule ni mwizi tena, amerudi kwa mulango mwingine.

Sasa, tuko na neno juu ya kufomati. Kwetu, mashini ikipata kikohozi, wengi wanasema: fomati. Unalipa, inarudi safi kabisa, na TFC imekwenda, picha za marehemu nyanya zimekwenda, hesabu za mwaka mzima za duka zimekwenda. Mwizi wa intaneti alitishia kupoteza vyote, na ni sisi wenyewe tumevipoteza. Kufomati ni dawa ya mwisho. Tunaifika kama tumesafisha mara mbili na ile kitu imerudi. Na hata pale, kwanza tunakopia barua, picha na hesabu kwa flashi ao diski. Barua na picha tu, hapana programu, juu ugonjwa unapenda kusafiri ndani ya programu. Kisha ile flashi inapimwa mbele ya kurudi kwa mashini mupya.

Tuseme pia ukweli ambao haupendezi. Hii shida inaingia kwetu kwa njia gani? Mara nyingi kwa crack. Office ya bure, mchezo wa bure, Windows ya flashi iliyopita mikono kumi. Na karatasi ya maelezo inasema: "Zima antivirusi kwanza." Fikirini vizuri: mutu anakuambia ufukuze mulinzi wa usiku mbele yeye aingie na mufuko, na wewe unamufukuza. Tunajua feza ni kidogo, sisi wenyewe hatuna mushahara. Lakini kuna LibreOffice, ya bure kwa haki, na inafungua barua za Word. Kwa CV na TFC inatosha. Na wenye wangali kwa Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilifunga msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ile mashini haijafa, lakini inaomba uangalifu zaidi.

Mwisho, tunaongea na wale kati yetu wenye watakwenda kusaidia nyumba kwa nyumba. Tunapendekeza sheria ine, na tunaomba kila mutu azishike.

Moja, musikaripie mutu. Mama mwenye kuona haya leo, kesho hatawaita, atalipa mwizi kimya kimya.

Mbili, mufanye kazi mwenye mashini akiwa anaangalia. Musiibebe kwenu siku tatu. Musifungue picha za watu ao mazungumzo yao. Na neno la siri, yeye aandike mwenyewe, ninyi mugeuze macho.

Tatu, kama munaomba kitu kidogo cha usafiri, museme bei mbele ya kuanza. Kijana mwenye kusema "mashini yako iko mbaya sana, leta dola 50" bila kueleza ugonjwa, anafanya ile kazi ya dirisha jekundu. Tofauti ni kwamba yeye iko na miguu.

Ine, mbele ya kutoka, mufundishe mutu mumoja wa nyumba ile, zaidi sana yule mutoto aliyefinya. Yeye njo anakaa mbele ya ekrani kila siku. Akijua kuzima kelele na Ctrl, Shift na Esc, nyumba imepata mulinzi wake.

Na kitu kimoja kibaki ndani ya vichwa vyetu, hata wale ambao hawatagusa mashini. Mutu akikutisha na kukuomba feza kwa pumzi moja, kisha akakukataza kungoja kesho, usilipe. Ngoja. Uliza mutu. Ugonjwa wa kweli unaweza kungoja saa moja ili mwingine auangalie. Uongo ndio hauwezi kungoja, juu unaogopa jicho la pili.

Wenye wako na mashini yenye inasumbua, muilete Siku ya Posho, na chaja yake, na flashi tupu kama iko. Tutakaa pamoja, tutaangalia moja moja.