Mashine iliyorithi hofu ya fundi wake



Ukiwatajia watu mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, ule wa kwanza ulioonyeshwa kati ya mwaka 1966 na 1969, wengi watakumbuka mambo mawili matatu tu. Watakumbuka Spock na masikio yake yaliyochongoka, Nahodha Kirk, na chombo cha angani kiitwacho Enterprise. Mfululizo ule ulikuwa na sehemu 79. Wapenzi wake wana zile wanazozisifu kila siku, na wana zile wanazozipita haraka haraka. Leo nataka niitetee moja kati ya hizo zinazopitwa. Jina lake ni The Ultimate Computer, na ilionyeshwa na televisheni ya NBC tarehe 8 Machi 1968. Kisa chake kilibuniwa na Laurence N. Wolfe, na aliyekiandika kuwa mchezo ni Dorothy Fontana, mwanamke aliyezoea kusaini kwa herufi tu, D.C. Fontana.

Kwa wasioijua, nitaieleza kwa ufupi. Wakubwa wa majeshi ya anga wanaamuru kompyuta mpya iitwayo M-5 ifungwe ndani ya Enterprise. Kompyuta hiyo inaweza kuendesha chombo kizima peke yake. Mabaharia zaidi ya 400 wanateremshwa, wanabaki 20. Mwanzoni mambo yanakwenda vizuri sana. Mashine inaamua upesi kuliko nahodha, na katika mazoezi ya kwanza ya kivita inashinda. Kisha inaanza vituko. Inateketeza chombo cha mizigo kisichokuwa na mtu. Wanapojaribu kuizima inajilinda, na baharia mmoja anakufa. Mwisho, katika mazoezi mengine, inavishambulia kwa silaha za kweli vyombo vinne vya jeshi lake yenyewe, na katika kimojawapo hasalimiki hata mtu mmoja. Ndipo Kirk anazungumza nayo, anaibana kwa maswali, na mashine inajizima.

Wanaoidharau sehemu hii husema ni mchezo ule ule uliokwisha kuonyeshwa. Kweli, mwaka 1967 Kirk alikuwa amekwisha kuzishinda mashine nyingine kwa maneno, mpaka jambo hilo likageuka utani. Tena husema mafunzo yake ni mepesi: mashine mbaya, binadamu mzuri, basi, tukalale.

Mimi nasema hawakuitazama vizuri. Tuanze na fundi aliyeitengeneza M-5.

Fundi huyo anaitwa Dokta Richard Daystrom. Alipokuwa kijana wa miaka 24 alivumbua mtambo ambao kompyuta za vyombo vyote vya jeshi zimejengwa juu yake. Akapewa tuzo, akaitwa bingwa, jina lake likafundishwa shuleni. Tangu hapo imepita miaka 25, na katika miaka yote hiyo amekuwa akizunguka kutoa mihadhara juu ya jambo lile lile alilolifanya ujanani. Wenzake wanamcheka pembeni. Mashine nne alizozijaribu, kuanzia M-1 hadi M-4, hazikufaulu sawasawa. Hii ya tano ndiyo karata yake ya mwisho. Na nia yake si mbaya: anataka watu wasife tena huko angani, kazi ya hatari ifanywe na mashine.

Mwigizaji wake alikuwa William Marshall, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, aliyejulikana katika majukwaa kwa kuigiza Othello. Hebu tulipime jambo hilo kwa mwaka wenyewe. Siku 27 baada ya mchezo huu kuonyeshwa, Martin Luther King aliuawa Memphis. Na katika wakati huo, televisheni ya Marekani ilimweka mtu mweusi kuwa bingwa mkubwa kuliko wote wa elimu ya kompyuta, wala ndani ya hadithi hakuna hata mmoja anayeshangaa. Spock, ambaye si mwepesi wa kusifu, anampokea kwa heshima kubwa. Anapoanguka, haanguki kwa sababu ya rangi yake. Anaanguka kama anavyoweza kuanguka mtu yeyote aliyewahi kusifiwa mapema mno.

Sasa twende kwenye kiini. Siri ya M-5 ni kwamba Daystrom alichukua mwenendo wa ubongo wake mwenyewe akauchapa ndani ya mashine. Ndiyo maana inafikiri upesi kama yeye. Ndiyo maana pia inaogopa kama yeye. Fundi anaogopa kusahauliwa, mashine inaogopa kuzimwa. Fundi anaona kila mtu ni adui wa kazi yake, mashine inaona kila chombo ni adui. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sijaona mchezo uliolionyesha neno hilo wazi kuliko huu.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitambua. Daystrom mwenyewe anajaribu kwanza kuinasihi mashine yake. Anaanza vizuri, kwa upole, kama baba kwa mwana. Kisha anateleza. Anaacha kuzungumzia watu waliokufa, anaanza kuzungumzia sifa zake na wale waliomcheka, mpaka anapoteza fahamu zake na inabidi Spock amtulize kwa nguvu. Kirk anapochukua zamu hazungumzii sifa. Anauliza swali moja la dhamiri: adhabu ya kuua ni nini? Na mashine inajua jibu, kwa kuwa Daystrom alikuwa mtu anayeamini kwamba kuua ni kosa mbele ya wanadamu na mbele ya Mungu. Imani hiyo nayo iliingia pamoja na hofu. M-5 inajihukumu yenyewe.

Kwa hiyo si kweli kwamba Kirk aliipiga mashine chenga ya maneno. Aligonga mlango wa dhamiri, na dhamiri ilikuwamo ndani. Yule yule aliyeiambukiza mashine woga wake ndiye aliyeiachia pia jema lililoizuia.

Nalitaja hili leo kwa sababu tangu mwishoni mwa mwaka 2022 dunia nzima inazungumzia kompyuta zenye akili bandia. Watu wanaulizana kama zina akili kuliko sisi. Mchezo wa mwaka 1968 unatufundisha kuuliza swali lingine: ndani yake wameweka nini, na aliyeweka ni nani? Swali hilo si la Marekani peke yake. Mwezi Januari 2023 jarida la Time lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi, waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na uchafu wa kila namna na kuyatia alama, mashine ipate kufundishwa kuyaepuka. Ukikuta mashine hizo zina adabu, kumbuka kwamba sehemu ya adabu hiyo ilitoka kwenye macho ya vijana wale. Nao wengine walisema kazi ile iliwaumiza nafsi.

Kuna upande mwingine unaonigusa mimi mtu wa redio. Katika mchezo ule mashine inaulizwa nani ateremke kwenda kuchunguza sayari. Inamwacha nje nahodha, inamwacha nje daktari, na badala ya mkuu wa elimu ya miamba inamchagua kijana wa cheo cha chini, kwa kuwa kijana huyo aliwahi kufika huko. Haikukosea. Baadaye mkubwa mwenzake Kirk, Komodoro Wesley, anamtania kwa neno ambalo wanafunzi wa chuo cha jeshi hulitumia kwa kipuri kisicho na kazi. Kirk ananyamaza, anaondoka. Tena kuna pale anapojiuliza mbele ya daktari wake: je, naipinga mashine hii kwa sababu ina hatari, au naogopa tu kupoteza cheo?

Hilo ni swali la mtu mzima. Siku hizi kompyuta ya studio inaweza kupiga muziki usiku kucha bila mtangazaji, na ipo mitambo inayosoma habari kwa sauti isiyo na kikohozi. Nami nimejiuliza kama Kirk, na jibu langu halikuwa la kishujaa. Ilikuwamo hatari ya kweli, na ilikuwamo pia hofu ya mkate wangu. Ni heri mtu azitenganishe hofu hizo mbili kabla hajapanda jukwaani kuhutubia.

Namalizia na Wesley huyo huyo. Mashine imekwisha kujizima, lakini Enterprise imebaki inaelea bila kinga na bila kujibu. Wesley amepoteza watu, naye ameruhusiwa na wakubwa kuiangamiza. Hesabu yote inamwambia apige. Anaiona imeachwa wazi, anasita, na dakika za mwisho anawaambia watu wake wasifyatue. Kirk alikuwa amecheza bahati nasibu kwa jambo moja tu, kwamba anamfahamu Wesley kuwa ni mtu mwenye huruma.

Katika hadithi za Star Trek zilizofuata baadaye, chuo kikubwa cha sayansi kilipewa jina la Daystrom. Hawakumkumbuka kwa siku moja aliyoanguka. Nadhani hiyo nayo ni huruma, na tunaihitaji sana katika zama hizi za kuhesabu kila kitu. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mwenye mashine akija kukuambia kwamba kifaa chake hakina hofu wala upendeleo, mpe kiti, mpe maji, kisha umuulize kwa upole: aliyekifundisha alikuwa akiogopa nini?

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.