Gari Lililoegeshwa na Umeme wa Gridi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua



Magari na bajaji za umeme zimeanza kuonekana katika mitaa yetu. Pamoja nazo imekuja ahadi kwamba gari likiegeshwa, betri yake inaweza kurudisha umeme kwenye gridi na mwenye gari akalipwa. Tunapenda kueleza ahadi hiyo ina ukweli kiasi gani.

Wazo lenyewe ni sahihi. Gari hukaa limeegeshwa sehemu kubwa ya siku. Linaweza kuchajiwa usiku wa manane, matumizi yanapopungua, na kutoa umeme jioni, taa, feni na televisheni zinapowashwa kwa pamoja. Nchini Denmark, mwaka 2016, magari kumi ya shirika la huduma la mji wa Frederiksberg yaliunganishwa na gridi kwa namna hiyo. Sisi tuliopitia mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 tunaijua thamani ya akiba. Hata hivyo, mtambo mmoja tu wa Bwawa la Julius Nyerere una uwezo wa megawati 235. Kuufikia kungehitaji magari 47,000, kila moja likitoa kilowati 5 kwa wakati mmoja.

Mita ya kawaida ya LUKU hukata uniti, haimrudishii mteja. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu mteja kuingiza umeme kwenye gridi ziliwalenga wenye mitambo ya nishati jadidifu, kama vile paneli za jua. Betri ya gari haizalishi umeme, huutunza tu. Kwa hiyo, muuzaji akikuambia kuwa gari litajilipa kwa kuuza umeme, usiiingize ahadi hiyo katika hesabu za mkopo wako.

Tunashauri yafuatayo:

1. Mtake muuzaji aeleze kwa maandishi iwapo gari lina uwezo wa kutoa umeme, na iwapo dhamana ya betri itabaki ukilitumia hivyo. Kuchaji na kutoa mara kwa mara huchakaza betri.

2. Piga hesabu ya uniti. Mteja wa D1 hupata uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu. Betri ya uniti 24 ikijazwa mara tatu imekwisha kula 72, na familia bado haijawasha taa.

3. Usiunganishe betri na nyaya za nyumba wewe mwenyewe. Umeme ukikatika, betri inaweza kupeleka umeme kwenye waya ambao fundi wa TANESCO anaamini umezimwa, ukamuua. Mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA.

4. Mafuriko ya Msimbazi tunayajua. Chombo kilichozama kisichajiwe kabla ya kukaguliwa na fundi.

Ukiwa na lalamiko la umeme, anza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, lilete EWURA. Gari linunuliwe kwa kazi litakayoifanya leo, si kwa malipo ambayo bado hayajawekewa utaratibu.