Mbwa wa Ulinzi na Mtoto Mdogo: Kujuana Hakutoshi

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Leo nitazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa jambo la afya, mpaka siku tunapofika zahanati mbio tukiwa tumembeba mtoto. Nitazungumza juu ya mbwa wa nyumbani.

Sisemi juu ya mbwa koko wa sokoni. Namsema mbwa wako mwenyewe, yule uliyempa jina, anayekula makombo ya ugali wako na kubweka usiku mgeni akipita.

Siku moja mama mmoja alikuja kwetu na mvulana wa miaka minne. Shavu la mtoto lilikuwa limechanika, na kidonda kilikuwa kimepakwa mafuta taa. Mbwa wao alikuwa chotara wa jemani shepadi, aliyeletwa baada ya boma kuvamiwa na wezi. Mchana alifungwa mnyororo, usiku akafunguliwa. Siku hiyo alikuwa akitafuna mfupa, na mtoto akamwendea ili amkumbatie. Hayo yalikuwa yametokea siku mbili kabla ya kuletwa kwetu. Nilipomuuliza mama kwa nini alikawia, alinijibu: "Sista, mbwa ni wetu. Anamjua mtoto."

Mtoto yule alitibiwa na kumaliza sindano zake zote. Leo yuko shuleni, lakini kovu analo, na akimwona mbwa huvuka barabara. Neno hilo la "anamjua mtoto" nimelisikia mara nyingi sana. Mama mpendwa, kumjua mtoto ni jambo moja, na kufunzwa namna ya kuishi na mtoto ni jambo jingine.

Kwanza tuelewe mbwa huyu ni mnyama wa namna gani. Jemani shepadi na mbwa wengine kama yeye wamezalishwa kwa kazi: kuchunga kondoo, kukimbiza, kushika, kulinda. Damu yake ni ya moto. Kitu kinachokimbia kikipita mbele yake, mwili wake unataka kukifuata hata kabla hajafikiri. Sasa mtazame mtoto wa miaka miwili au mitatu. Anakimbia ovyo, anapiga kelele, anaanguka, anavuta mkia, na ana kipande cha mkate mkononi. Uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo sababu watoto wadogo huumwa usoni na shingoni mara nyingi kuliko watu wazima.

Je, mbwa kama huyu afukuzwe? Si lazima. Lakini afunzwe, na mtoto afunzwe, na wewe mtu mzima uwe macho. Hayo matatu huenda pamoja.

Tuanze na mbwa. Jambo la kwanza, mpe kazi. Mbwa mwenye nguvu nyingi akifungwa mnyororo kutwa, nguvu hizo haziishi. Hugeuka kuwa hasira na wazimu wa kuruka ruka. Jirani yake mnyororo humfanya aone hana pa kukimbilia, na mnyama asiye na pa kukimbilia huuma. Ukiweza, mjengee kibanda chenye ua wa waya ambao mtoto hawezi kuufikia. Asubuhi kabla jua halijawa kali, mtu mzima amtoe kwa kamba watembee nusu saa, na jioni tena. Chakula chake kingine kifiche kwenye nyasi akitafute kwa pua. Mbwa aliyetumia akili na miguu hutulia.

Jambo la pili, mfunze amri chache. Huhitaji pesa. Unahitaji dakika tano, mara tatu kwa siku, na vipande vidogo vya mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, kila kimoja kama punje ya hindi. Viwe vimechemshwa vizuri. Mapafu na maini mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo ambao humwingia mbwa, kisha mayai yake yakamfikia mtoto kupitia mikono michafu. Ndugu zetu wa Turkana wanaujua ugonjwa huo kwa vile vivimbe vikubwa vya tumboni.

Amri ya kwanza ni "Keti". Shika kipande karibu na pua ya mbwa, kisha kiinue polepole kuelekea juu ya kichwa chake. Atakifuata kwa macho, na makalio yatashuka chini. Hapo hapo sema "Keti", mpe kipande na umsifu. Usimsukume, usimpige.

Amri ya pili ni "Wacha". Ficha kipande ndani ya ngumi. Mbwa atanusa, atalamba, atakwaruza. Nyamaza tu. Akiondoa pua yake, sema "Wacha", kisha mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Baada ya siku kadhaa ataelewa kwamba kuachilia kuna faida. Amri hii ndiyo itakayokusaidia siku atakapookota kiatu cha mtoto.

Amri ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: "Gunia". Tandika gunia kuukuu mahali pake, mbali na mlango wa jikoni. Mwelekeze hapo, akilala mpe kipande. Kesho mkalishe kwa muda mrefu kidogo, kesho kutwa zaidi. Lengo ni kwamba mtoto anapokunywa uji, mbwa yuko kwenye gunia lake, na anabaki hapo mpaka umwite.

Jambo la tatu, mzoeze kuona watoto wakicheza bila kuwafuata. Hili lifanywe na mtu mzima mwenye nguvu, mbwa akiwa kwenye kamba imara. Simameni mbali, pale anapowaona watoto lakini bado anakusikia. Kila akikugeukia wewe, mpe kipande. Akikaza macho kwa watoto, mwili ukawa mgumu na masikio yamesimama, mko karibu mno. Rudini nyuma. Songeni mbele hatua chache kila siku, si zote kwa siku moja.

Na tafadhali, komesheni mchezo wa "Shika! Shika!" Wavulana wetu wanapenda kumchochea mbwa amrukie mwenzao kisha wacheke. Mnamfunza nini hapo? Mnamfunza kwamba mtoto anayekimbia ni wa kushikwa. Huwezi kumfunza hivyo Jumamosi, halafu Jumatatu umlaumu.

Mimi mwenyewe nyumbani nina mbwa wa damu hiyo. Alipokuwa wa miezi minane alimwangusha binti yangu, alipokuwa akifuata mpira wa makaratasi. Hakumuuma, lakini mtoto aligonga kichwa, nami nilijiona mjinga, kwa kuwa kila siku nawafundisha wengine. Tulianza masomo haya siku iliyofuata. Ilituchukua wiki sita kabla hajaweza kulala kwenye gunia watoto wakicheza. Na hata leo, mama msikilizaji, siwaachi peke yao. Nikienda chooni, mbwa anaingia kibandani au mtoto anakuja nami.

Sasa tumgeukie mtoto. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliye chini ya miaka mitano bado hawezi kukumbuka sheria kila wakati, kwa hiyo wewe ndiwe ukuta wake. Hata hivyo anza kumfundisha mapema: haendi kwa mbwa anayekula. Hamwamshi mbwa aliyelala. Hamkaribii mbwa mwenye watoto. Hampandi mgongoni kama punda, hamvuti masikio wala hamkumbatii shingoni. Mbwa mgeni akija, asikimbie. Asimame kimya kama mti, mikono chini, macho ardhini. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, mikono ikifunika shingo na masikio. Wafanyie watoto mazoezi ya "mti" na "jiwe" uani. Watayafurahia, na siku ya hatari mwili utakumbuka.

Wewe nawe jifunze kusoma mwili wa mbwa. Kabla ya kuuma, mara nyingi huonya. Hugeuza uso pembeni, hulamba midomo na hana chakula, hupiga miayo na hana usingizi, huonyesha weupe wa macho, au hukauka ghafla. Ukiona hayo, mwondoe mtoto kwa utulivu. Akinguruma, usimpige. Najua hili litakushangaza. Lakini mbwa anayenguruma anasema, "Niondokeeni." Ukimchapa kwa kusema hivyo, ataacha kunguruma na hofu itabaki palepale. Siku nyingine atauma bila kukuonya.

Kama mbwa ameshawahi kumuuma mtoto, au anamkodolea macho na kumnyemelea, usijaribu kumfunza peke yako. Mtenge siku hiyo hiyo na umwite daktari wa mifugo. Wakati mwingine jibu la haki ni kumpeleka mbwa kwenye nyumba isiyo na watoto. Hakuna boma lenye thamani kuliko uso wa mtoto.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo maisha yalipo. Mbwa aliyefunzwa vizuri bado anaweza kuambukizwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Lakini unazuilika kabisa. Mchanje mbwa wako kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa sehemu nyingi huwa na kampeni za chanjo wakati huo.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa, au mbwa akimlamba penye kidonda, fanya hivi. Osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Maji ya mtungi yakimiminwa polepole yanafaa. Usipake mafuta taa, tumbaku, kitunguu, pilipili wala kinyesi cha ng'ombe. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wako. Atapimwa kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Chanjo ya kichaa cha mbwa haipatikani katika kila zahanati. Ukiambiwa haipo, uliza ni hospitali gani iliyo nayo, uende bila kulala. Ukianzishiwa sindano, rudi kila tarehe uliyoandikiwa mpaka zimalizike, hata kidonda kikiwa kimepona.

Na mbwa je? Usikimbilie kumuua. Kama anaweza kufungiwa salama, mfungie, mwarifu daktari wa mifugo, naye atazamwe kwa siku 10. Lakini mtoto asingojee siku hizo 10 nyumbani. Mbwa anatazamwa huku mtoto akitibiwa.

Kwa ufupi basi, mama msikilizaji: mpe mbwa kazi, mfunze kwa upole, mchanje kila mwaka. Mfunze mtoto heshima kwa mnyama. Usiwaache wawili hao peke yao, hata kwa muda wa kugeuza ugali. Na ajali ikitokea, sabuni, maji, dakika 15, hospitali.

Leo jioni, kabla ya kumfungua mbwa wako, simama uangalie: mtoto yuko wapi? Anza na swali hilo kila siku.

Tukutane tena wiki ijayo saa kama hizi, Mungu akipenda. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaherini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi cha akina mama

1. Katika boma lenu, mbwa na mtoto hukutana wakati gani bila mtu mzima kuwepo? Mnaweza kubadilisha nini?

2. Mbwa wako alichanjwa lini mara ya mwisho? Kadi yake iko wapi?

3. Mtoto akiumwa leo usiku, mtakwenda hospitali gani, na kwa usafiri gani?