Mwavuli Mmoja

Ushujaa si wa vitani peke yake. Tarehe 13 Agosti, 1951, wakati wa amani, eropleni mbili ziligongana juu ya Yorkshire, Uingereza. Katika moja alikuwamo John Quinton, afisa wa Jeshi la Hewa aliyekwisha pata nishani vitani, pamoja na mvulana wa miaka 16 aliyekuwa akijifunza. Mwavuli wa kurukia uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu. Quinton aliutwaa, akamfungia mvulana, akamwonyesha kamba ya kuufungua. Mara eropleni ikapasuka ubavuni, mvulana akatupwa nje, akatua salama. Wengine wote walikufa. Quinton alipewa nishani ya George Cross naye yu kaburini. Mvulana alipewa maisha.