Leza na Maumivu: Kipimo Kwanza, Mashine Baadaye



Mada niliyopewa ilikuja kwa sura ya swali: je, leza inatibu maumivu? Naomba radhi, swali hilo sitalijibu jinsi lilivyo. Hatuulizi kama vidonge vinatibu. Tunauliza kidonge gani, miligramu ngapi, kwa ugonjwa upi. Leza nayo tuiulize hivyo hivyo. Tusipofanya hivyo, tutabaki na makundi mawili yanayorushiana maneno, moja likiiita muujiza na jingine likiiita taa ya kupumbazia wagonjwa.

Asili ya tiba hii inachekesha kidogo. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California mwezi Mei 1960. Miaka michache baadaye Endre Mester, daktari wa upasuaji mjini Budapest, alitaka kuharibu uvimbe wa saratani katika panya kwa leza ya rubi, akifuata jaribio lililokuwa limefanywa Boston. Mashine yake ilikuwa na nguvu ndogo mno. Uvimbe haukutikisika, ila manyoya ya panya walionyolewa na kuangazwa yaliota haraka kuliko ya wenzao. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo tiba tunayoizungumzia leo ilizaliwa kwa sababu dozi ilikuwa ndogo, na tangu hapo dozi ndiyo kiini cha ubishi.

Mwanga unaotumika huwa kati ya nanomita 600 na 1,000, yaani mwekundu na ule wa infraredi usioonekana kwa macho. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hufyonzwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, uzalishaji wa nishati ya seli ukaongezeka na uvimbe ukapungua. Pia hupunguza kwa muda kasi ya neva zinazobeba taarifa za maumivu. Mgonjwa akisikia neno mionzi huwaza eksirei. Mwambieni wazi kwamba mwanga huu hauna nguvu ya namna hiyo.

Sasa ushahidi. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Roberta Chow na wenzake kuhusu maumivu ya shingo: majaribio 16, wagonjwa 820. Kwa wenye maumivu sugu, kwenye mstari wa milimita 100 wa kupimia maumivu, yalishuka kwa takriban 20 zaidi ya waliowekewa leza bandia, na nafuu iliweza kudumu hadi wiki 22. Si haba kwa shingo iliyouma miaka.

Lakini uchambuzi ninaoupenda zaidi ni wa magoti yaliyosagika, uliotoka katika BMJ Open mwaka 2019 ukiwa na majaribio 22 na washiriki 1,063. Watafiti waliyatenga majaribio kwa dozi. Yaliyofuata dozi inayopendekezwa, yaani jouli 4 hadi 8 kwa kila nukta kwa leza za nanomita 785 hadi 860, au jouli 1 hadi 3 kwa leza ya nanomita 904, yalionyesha nafuu iliyo wazi, na ikazidi kukua wiki 2 hadi 4 baada ya tiba kumalizika. Yaliyotoa pungufu hayakuonyesha hivyo. Ni kama kumpa mtu robo ya kidonge kisha kutangaza kwamba dawa haifai.

Kiuno kinatunyima raha hiyo. Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliitaja leza mwaka 2017 miongoni mwa njia za kujaribu kwa maumivu sugu ya kiuno, huku kikikiri kwamba ushahidi wake ni hafifu. Mimi nisingemtoza mgonjwa wa kiuno fedha kwa ajili ya leza huku mazoezi hajaanza.

Hesabu ya dozi yenyewe ni nyepesi: wati mara sekunde. Leza ya miliwati 100 ikishikwa sekunde 40 hutoa jouli 4. Ya miliwati 10, kwa muda uleule, hutoa 0.4. Hata hivyo mafaili mengi huandikwa "leza dakika tano", basi. Hapo hakuna anayeweza kurudia tiba wala kuikosoa.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Melanini hufyonza mwanga mwekundu kuliko infraredi, hivyo kwenye ngozi nyeusi sehemu kubwa zaidi ya mwanga mwekundu huishia juu, ikageuka joto. Kwa mashine za daraja la 4, zinazozidi miliwati 500, hilo laweza kuunguza. Anzeni chini, sogezeni kichwa cha mashine, mwulizeni mgonjwa anahisi nini. Miwani ya kinga ivaliwe na wote waliomo chumbani, na mwanga usielekezwe machoni, juu ya uvimbe wa saratani, wala tumboni kwa mjamzito.

Naomba vikundi vya mchana viandae fomu ya ukurasa mmoja: urefu wa wimbi, nguvu, sekunde, idadi ya nukta, na alama ya maumivu kabla na baada. Na muuzaji akija na mashine yake, tumpe fomu hiyo aijaze yeye kwanza.