Mkojo wa Mtoto Mwenye Katheta Hauchotwi Mfukoni



Mtoto aliyewekewa mpira wa mkojo, yaani katheta, akipata homa, daktari anaweza kuagiza mkojo upimwe. Hapo ndipo kosa hutokea: mkojo huchotwa kwenye mfuko. Mfuko umekuwa ukijaa tangu asubuhi, na kwa joto la Kisumu viini vichache vilivyoingia humo huzaana upesi. Maabara itaviona, na mtoto atatibiwa ugonjwa wa mfuko wake. Atameza antibiotiki bure, huku chanzo cha homa, pengine malaria, kikiendelea kumla.

Sampuli ya kuaminika hutoka mahali maalumu pa kuchotea, kwenye mrija unaounganisha katheta na mfuko. Muuguzi hunawa, huvaa glovu, hubana mrija chini ya mahali hapo kwa dakika chache hadi mkojo mpya ukusanyike. Hupangusa kwa spiriti na kusubiri pakauke (hapa wengi hukosa subira), kisha huvuta mililita chache kwa bomba jipya la sindano na kuzitia kwenye chupa safi ya maabara yenye jina la mtoto. Halafu hufungua kibanio. Kikisahaulika, mkojo hurudi kuelekea figo, kwa hiyo mzazi aliye kando ya kitanda ana haki ya kuuliza kama kimefunguliwa. Mtoto aliyetoka kupasuliwa kibofu habanwi mrija bila kauli ya daktari.

Katheta yenyewe haitobolewi. Ndani yake mna njia ya maji yanayojaza puto linaloishikilia kibofuni. Puto likinywea, katheta huchomoka. Ikiwa imekaa wiki kadhaa, hubadilishwa kwanza, na sampuli ikatoka kwa mpya.

Mkojo ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo uwekwe kwenye friji. Basi mzazi wa Nyakach au Seme asihangaike kubeba mkojo kwa chupa ya soda hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado huiita Russia. Amlete mtoto mwenyewe. Ndani ya matatu, mfuko uliomwagwa ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Na akiona homa, damu kwenye mkojo, au mfuko uliokaa mkavu kwa saa kadhaa, asingoje kliniki ya wiki ijayo.