Mgeni na Fundi wa Baisikeli
(Maneno ya mazungumzo kwa walimu na wazee wa Tabora)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo: mgeni aliyehamia nchi asiyoijua, naye ana baisikeli, atampataje fundi wa kuaminiwa? Mimi silioni dogo. Mwalimu aliyepelekwa shule ya porini, upande wa Sikonge au Urambo, baisikeli ndiyo miguu yake. Kwa hiyo huendea sokoni, na kwa hiyo hiyo huenda akampakia usiku mtoto mwenye homa kumpeleka zahanati. Hapo breki isiposhika, au mnyororo ukikatika, hasara yake si ya fedha.

Nchi yetu yaijua shida ya mgeni tangu zamani. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za njia kutoka pwani. Walipofika tu, wapagazi wao Wanyamwezi walitawanyika kwenda makwao, nao wakabaki na mizigo yao. Mwarabu mmoja mkazi wa hapa, Snay bin Amir, ndiye aliyewasaidia mpaka wakapata watu wengine wa kuendelea na safari ya ziwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari za miguu zikapungua. Lakini nje ya reli na ya barabara kuu, mgeni bado amtegemea mwenyeji ajuaye nani ni nani.

Basi mwenyeji gani aulizwe? Si muuzaji wa baisikeli mpya, maana yeye hana hasara yako ikifa. Waulizeni wale ambao riziki yao imefungwa nyuma ya baisikeli: wachukuzi wa mkaa, wauza maziwa, na watu wa asali watokao porini. Mpagazi wa zamani alichukua frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Mchukuzi wa mkaa hupakia magunia mawili, akayapitisha katika mchanga. Mtu huyo hawezi kumvumilia fundi mbovu hata juma moja. Mwulizeni, “Gurudumu lako la nyuma amelinyosha nani?” Jina likitajwa na watu watatu wasiojuana, nendeni huko, ijapokuwa karakana yenyewe ni kivuli cha mwembe na sanduku la spana.

Mkifika, msitoe baisikeli upesi. Salimieni, kaeni, mtazame. Fundi mwema akitengeneza pancha hujaza mpira upepo, akauzamisha katika karai la maji apate kuona mapovu. Hukwaruza mahali palipotoboka, hupaka solusheni, kisha hungoja ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Asiyengoja, kiraka chake kitabanduka kabla hamjafika nyumbani. Tena, kabla ya kurudisha mpira, hupitisha vidole polepole ndani ya tairi, maana mwiba wa mgunga ukibaki humo utatoboa tena kesho. Nimewaona mafundi wengi wajuao yote ila hili la vidole.

Akifungua kitovu cha gurudumu, tazameni gololi anaziweka wapi. Akizimwaga mchangani, chukueni baisikeli yenu mwende. Mwenye kuijua kazi yake huzihesabu katika kisahani, huziosha kwa mafuta ya taa, hutia grisi mpya. Na zikiwa zimechakaa huzibadili zote pamoja. Mpya zikichanganywa na kuukuu, zile mpya, kwa kuwa ni kubwa kidogo, ndizo zitakazobeba mzigo wote.

Jambo la vipimo linawatesa wageni kuliko yote. Tairi nyingi zimeandikwa ubavuni namba mbili zenye kistari katikati. Ya pili ni upana wa duara, kwa milimeta, pale tairi inapokaa juu ya rimu. Baisikeli kubwa za zamani, zenye tairi ya 28 × 1½, namba yao ni 635. Ziko na tairi nyingine ziitwazo 28 ambazo namba yao ni 622. Jina ni moja, lakini hazitaingia hata mkizipiga nyundo. Iandikeni namba hiyo katika daftari kabla hamjahama, na mkifika mwulizeni fundi kama tairi ya namba hiyo hupatikana kwake.

Wako wanenao kwamba afadhali fundi hodari wa mjini kuliko wa kijijini. Sikubaliani nao. Fundi aliye kilometa 70 mbali hamfai mtu aliyepata pancha asubuhi. Wa karibu mpeni viraka na breki. Gurudumu lililopinda vibaya lipelekeni mjini. Na fundi wa kijijini akisema, “Kazi hii siiwezi, ipeleke kwa fulani,” mshikeni sana huyo, maana hataiharibu baisikeli yenu kwa kuona haya.

Anzeni naye kwa kazi ndogo. Bei isemwe kabla spana haijashikwa, na malipo yatolewe siku ile ile. Yeye hununua solusheni na viraka kwa fedha ya kazi ya jana. Wakimkopa watu watano, wa sita atakuta karai la maji tu.